Tippu Tip na sisi tunaotafuta kazi

Wandugu, kila mwaka wapya wanapomaliza masomo tunawarudilia maneno yale yale: diplome peke yake haitoshi, toka nyumbani, uonane na watu, mahusiano njo kazi. Hata mimi nimeyasema hapa. Mwezi uliopita nilisoma tena kitabu kimoja, nikaanza kuyaonea mashaka.

Kitabu ni Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, alichosimulia mwenyewe kwa Kiswahili. Mjerumani Heinrich Brode alikichapisha kule Berlin mwaka 1902 na 1903, mwenyewe akiwa bado hai Unguja, alikufa 1905. Mutu wa kwetu hawezi kukisoma kama mgeni. Kasongo ilikuwa makao yake makubwa, na Kabambare ilikuwa kituo kwenye njia ya misafara iliyotoka Ujiji. Shuleni tulifundishwa habari ya watumwa na pembe, na ni kweli, hakuna kuiruka. Lakini soma vizuri: ni kitabu cha mtu anayejua kukutana na watu. Anafika kwa mkubwa, anakaa, anatoa zawadi, anauliza nani ni ndugu ya nani. Bunduki zipo pia, wala hazifichi.

Fasi ninayotaka tusimame ni kwa mzee Kasongo Rushie, mtawala wa Utetera, ng'ambo ya magharibi ya Lualaba. Zamani dada zake wawili walitekwa vitani, wakapelekwa mbali, hawakurudi. Kwa jinsi anavyosimulia mwenyewe, Tippu Tip aliisikia kwanza habari hiyo, halafu akajitambulisha: bibi yangu ni mmoja wa wale wanawake, mimi ni mjukuu wenu. Mzee akafurahi, akamwachia utawala. Wanahistoria wengi wameona hiyo ni hila tu. Mimi niliposoma nilicheka, kisha nikanyamaza, juu nilifikiri huyu angekuwa mwalimu mzuri sana wa zile semina zetu za kutafuta kazi. Amefanya yote tunayofundishwa! Amejua habari za mwenyeji kabla ya kufika, amekuja mwenyewe, amejieleza kwa maneno machache.

Kama kitabu, nguvu yake ni hiyo hiyo: sentensi fupi, hesabu za pembe, hakuna kujitetea. Udhaifu wake ni kwamba mzee hasemi kitu baada ya pale. Anakabidhi utawala, basi, anakuwa njia ya kupitia tu. Msimulizi haulizi watu wa Utetera walionaje mwaka uliofuata, pembe zilipoanza kutoka na watu wakatoka nazo. Ukurasa huo haupo, na mimi njo ule niliutafuta zaidi.

Maana angalia: Kasongo Rushie hakudanganywa kwa barua. Alimwona mtu kwa macho, alimsikia sauti. Alichokosa ni mtu mmoja wa kumwambia, “Huyu namjua tangu juzi na juzi ile.” Sisi tunaposema uso kwa uso, tunafikiri uso unatosha.

Na tunafanya mchezo ule ule. Unaingia ofisini kwa mkubwa, dakika tano tu umekwisha kumwita papa. Unatafuta kama mama yake alitoka kwa Wazimba, kama babu zenu walisali msikiti mmoja. Kuna ofisi moja, siitaji, mkubwa wake alipenda sana nimwite hivyo. Aliniambia nirudi Jumatatu. Nilirudi Jumatatu sita, kila mara nikiwa nimeazima pesa ya pikipiki, na kazi ilikuwa imekwisha kupewa mwingine kabla ya Jumatatu ya pili. Sijui nani kati yetu alikuwa Tippu Tip. Wote wawili, pengine.

Kazi niliyo nayo leo ilitoka kwingine. Nikiwa mwaka wa mwisho wa lisansi nilifanya uchunguzi wa mozaiki ya muhogo kwenye kijiji kimoja cha Kabambare, si mbali na mto Luama. Siku ya kwanza walinipokea vizuri, wakanionyesha shamba safi, sombe ya kupendeza. Niliandika, nikapiga picha, nikaondoka. Ningeishia pale ningeandika uongo kwa moyo safi kabisa. Niliporudi baada ya wiki tatu, mama mmoja akasema, “Kumbe weye ni wa kurudi,” akanipeleka nyuma ya nyumba. Majani yamejikunja, yana madoa ya njano, na vijiti vya mbegu vya shamba lote vilikatwa pale. Mozaiki inasafiri kwa inzi weupe, lakini inasafiri vibaya zaidi kwa vijiti vinavyopeanwa kati ya ndugu na majirani. Ile picha ya shamba safi bado iko kwenye simu yangu.

Nilirudi mara ya tatu, na ya nne. Mwaka uliofuata watu wa mradi walikuja kuuliza wakulima wanamwamini agronome gani. Mama yule alitaja jina langu. Hakujua hata jina la chuo changu. Sikuwa nimeomba.

Sasa, msinielewe vibaya. Kurudi mara nne kuna bei. Kuna miezi njia ya Kabambare haipitiki kwa matope, na kuna miezi haipitiki kwa bunduki. Dada zetu wenye diplome ile ile, wengine wazazi hawawaruhusu kulala safarini, na siwalaumu wazazi. Kwa hiyo anayemwambia msichana wa Kasongo “toka ukutane na watu” bila kusema nani atalipa usafiri na atalala wapi, anamwambia akae nyumbani. Chama chetu kina michango ya sherehe kila mwaka. Sehemu ya pesa ile ingetosha safari za pili na za tatu za watu kadhaa, kwa zamu. Nimeliandika hili ili tulijadili kwenye mkutano kabla bajeti haijapita. Mwenye kitabu cha hesabu aje nacho.