Chupa ya Mjomba

Mjomba wangu alikuwa baharia. Mwaka 1984, wakati ambapo hata kipande cha sabuni kilikuwa cha kupangia foleni, alirudi nyumbani Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, na chupa moja ya kijani yenye pembe tatu, imeandikwa Glenfiddich. Akaiweka juu ya kabati la vyombo, nyuma ya birika la kaure. Haikufunguliwa. Alipokuwa na kiu alitumwa mtoto dukani kuleta Konyagi, naye akainywa kwa ndimu huku akiitazama ile nyingine kama mtu anayetazama picha ya ukutani. Ilikuwa ikingoja siku yake. Harusi ya binti ilipita, vitukuu wakazaliwa, siku haikuwadia. Mwaka 1997 akafariki, na chupa ikabaki palepale.

Tuliifungua mwaka 2019, mimi na binamu zangu wawili, kwa ruhusa ya mkaza mjomba, bibi ambaye hajaonja pombe maishani mwake. Wiski ilikuwa imeshuka hadi chini ya mabega ya chupa, kwani joto la Dar es Salaam halibishiwi na kizibo. Tulikunywa kimya. Tulipomaliza yule bibi akaniuliza, kwa kuwa mimi ndiye ninayejulikana katika ukoo kama msomaji wa vitabu vya wiski: "Haya mwanangu, ilikuwa na ladha gani, hiyo aliyokuwa akiitunza?"

Nikafungua kinywa. Maneno yaliyonijia ni ya maua ya milima ya Scotland, keki ya Krismasi, ngozi ya tandiko la farasi. Msomaji, mimi sijapata kuyanusa maua hayo. Farasi nimemwona kwa mbali. Kwa zaidi ya miaka kumi nilikuwa nikiyatumia maneno hayo mbele ya marafiki, nao wakitikisa vichwa kwa heshima, na kumbe hakuna kati yetu aliyejua tunazungumzia nini. Mbele ya mjane wa mjomba sikuthubutu. Nikamwambia, "Nitakujibu, mama. Nipe siku chache."

Basi nikaenda sokoni. Lile jengo kuu alilolichora Beda Amuli, lililofunguliwa mwaka 1975, lilikuwa bado zima. Moto uliliunguza Julai 2021. Nilishuka shimoni, nikapanda, nikazunguka mitaa ya jirani, nikaishia kwa mzee mmoja muuza viungo ninayemfahamu siku nyingi. Nikamweleza shida yangu. Akacheka. "Mimi, mwanangu, hicho kitu sikinywi wala sikinusi. Lakini nusa vyangu, kisha mengine ujaze mwenyewe." Akanifungia karafuu, iliki, mdalasini na vanila ya Bukoba, kila kimoja katika karatasi yake, na fedha akakataa.

Jioni ile nilipanga mezani glasi nne: Glenfiddich mpya ya miaka 12, Glenmorangie ya miaka 10, Macallan ya miaka 12 iliyokaa katika mapipa ya sheri, na Lagavulin ya miaka 16. Zote ni wiski za kimea, kila moja ya kiwanda kimoja tu, isiyochanganywa na ya mwingine. Kimea hahitaji kuelezwa mtu aliyekulia karibu na wapika pombe ya ulezi: nafaka hulowekwa ikachipua, kisha hukaushwa isiendelee kuota. Waskoti hutumia shayiri, huichachua, huikeneka katika mitambo ya shaba, na sheria yao hudai ikae katika pipa la mwaloni si chini ya miaka mitatu, na isitiwe chupani ikiwa chini ya asilimia 40 ya kileo. Sheria hiyo hiyo, tena, inaruhusu kutia rangi ya sukari iliyounguzwa. Kwa hiyo anayeisifu wiski kwa weusi wake huenda anasifu sukari.

Kabla ya yote kuna suala la joto, ambalo vitabu vya Ulaya havina haja nalo. Chumbani mwangu ilikuwa nyuzi 30. Kwa joto hilo kileo kinakimbilia puani kabla ya kingine chochote, na mtu hudhani wiski ni kali kumbe ni hewa yake iliyo kali. Barafu si dawa, maana baridi kali huifunga harufu yote. Mimi huweka glasi tupu katika jokofu kwa dakika tano, nikatia wiski, kisha maji matone machache. Maji hayo si uzembe wa mnywaji dhaifu. Mwaka 2017 watafiti wawili wa chuo kikuu kimoja cha Sweden walichapisha hesabu zao kuonyesha kwamba maji yakiongezwa, chembe zinazobeba harufu ya moshi husogea juu, kwenye uso wa kinywaji.

Nilianza na Lagavulin, kinyume cha ushauri wa wote, kwa sababu ndiyo niliyokuwa nimeidanganyia zaidi. Inatoka kisiwa cha Islay, ambacho wenyeji hutamka Aila, na shayiri yake hukaushwa kwa moshi wa mboji nyeusi ya kinamasi, iliyokatwa kama matofali. Nilipoinusa nikiwa nimetoka sokoni niliona aibu. Miaka yote hiyo nilitafuta milima ya watu wengine, na kumbe ni kambale wa moshi kutoka Bara, aliyekunjwa mkia mdomoni na kupangwa katika tenga! Wala si tamathali tu. Katika moshi wa kuni unaokausha samaki mna kemikali iitwayo gwayakoli, na hiyo hiyo imo katika moshi wa mboji. Pamoja nayo zimo kresoli, jamii ya vitu vinavyotiwa katika dawa za kuulia vijidudu. Binamu yangu aliyesema "hii inanuka zahanati" alikuwa mhakiki mzuri kunishinda. Nyuma ya moshi kuna utamu mzito wa tende, na mwisho wake hauishi upesi. Naiweka ya kwanza, ingawa siwezi kuinywa kila siku, kama vile hakuna awezaye kula kambale wa moshi kila siku.

Glenmorangie ilinishangaza zaidi. Mitambo yake ina shingo ndefu sana, zaidi ya mita 5, hata wenyewe huilinganisha na twiga, na ni mvuke mwepesi tu unaofika juu. Nilikuwa nimezoea kuiita "laini", neno la mtu asiyekuwa na la kusema. Lakini pipa lake ni la mwaloni wa Marekani lililokwisha kutumika kwa wiski ya mahindi ya huko, na mwaloni huo hutoa laktoni zinazonuka nazi. Vitabu hutaja nazi kwa kupita, mara moja moja. Kwetu ingetajwa kwanza: nazi mbichi iliyokunwa sasa hivi kwenye mbuzi, kabla tui halijakamuliwa. Karatasi ya vanila nayo ilikubali mara moja, maana vanilini iliyo katika mkungu wa vanila ndiyo ile ile itokayo katika mbao. Mpishi yeyote wa Kariakoo angeipenda wiski hii kabla ya mhakiki yeyote kumwambia aipende.

Kwa Macallan nitakuwa mfupi. Zabibu kavu, mdalasini, na karafuu dhahiri. Hii ya mwisho nayo ni ukweli wa kikemia, kwani yujenoli, roho ya mafuta ya karafuu, hupatikana pia katika mwaloni uliochomwa. Ni nzuri. Lakini inajua kwamba ni nzuri, na sehemu kubwa ya bei ni ya jina.

Mtu ataniuliza, na Konyagi je? Sikuiweka mezani, nayo haidharauliki kwa hilo. Ina asilimia 35, haina rangi, haidai umri, na hukutana na ndimu na tangawizi kama wenzi wa zamani. Kuipambanisha na Lagavulin ni kupambanisha ngalawa na meli ya mizigo. Mjomba alilijua hilo. Au labda ndivyo ninavyopenda kuamini.

Ikabaki Glenfiddich. Ile mpya ilinuka peasi, wazi kabisa, na ndizi mbivu kidogo, na shayiri kwa mbali. Nikalinganisha na tone nililolihifadhi kutoka chupa ya mjomba. Peasi ilikuwapo, lakini imepauka, kama harufu ya tunda katika kapu lililokwisha kuuzwa. Kama wiski, siwezi kuitetea: ilikuwa imechoka, mwisho wake mfupi, kileo kimepungua. Nimeandika hivyo katika daftari langu na sifuti.

Jumamosi nilinunua peasi mbili za Lushoto, zilizoiva kiasi cha kubonyea, nikampelekea mkaza mjomba. Nikamwambia, "Mama, ilikuwa hivi. Lakini uifikirie imekaa kabatini miaka mingi."

Akaishika moja kwa mikono miwili, akainusa kwa muda mrefu, macho kafumba. Kisha akainusa tena upande wa kikonyo.

"Hii asingeipenda," akasema. "Mjomba wako alikuwa hapendi matunda." Akaomba kisu, akaimenya.