Kuitafuta Kiongoroni katika Orodha za Vitabu

Mtu aandikapo mapitio ya maandishi yaliyomtangulia, hudai mambo mawili: kwamba ameyasoma yaliyoandikwa, na kwamba pengo analolionyesha lipo kweli. Dai la pili ndilo zito. Mwanafunzi aliyefungua hifadhidata, akaandika neno Kiongoroni, akapata machache au asipate kitu, kisha akatangaza kuwa maisha ya watu wa delta ya Rufiji hayajachunguzwa, hakukusudia kusema uongo. Lakini amesema lisilo kweli. Hapa nataka kukipima chombo ambacho walimu wengi hukitoa kuwa dawa ya kosa hilo, yaani vichwa vya mada, nikieleza sifa zake bila ya kuficha kasoro zake.

Kiongoroni ni kata ya delta, zamani katika Wilaya ya Rufiji na sasa katika Wilaya ya Kibiti. Wenyeji wa delta huishi kwa uvuvi, kilimo cha mpunga na ukataji wa boriti, na mikoko iliyowazunguka ni msitu uliohifadhiwa na serikali tangu mwaka 1898, enzi ya Wajerumani. Mvutano kati ya mkulima na mhifadhi, basi, una umri mrefu, na maandishi yake si haba.

Lakini natuyaangalie majina ya maandishi hayo. Kitabu cha Kjell Havnevik cha mwaka 1993, Tanzania: The Limits to Development from Above, kimejengwa juu ya uchunguzi uliofanywa Rufiji, hata hivyo jina lake halitaji Rufiji. Makala ya Betsy Beymer-Farris na Thomas Bassett, yaliyotoka mwaka 2012 katika jarida la Global Environmental Change, yazungumzia mvutano huo huo wa delta. Jina lake lataja Tanzania na misitu ya mikoko, wala halitaji Rufiji. Nayo taarifa ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa ya mwaka 1961 juu ya bonde la Rufiji yaitaja Tanganyika, kwa kuwa Tanzania haikuwapo bado. Atafutaye kwa neno moja katika majina ya vitabu atazipita kazi hizi tatu kama mtu apitaye usiku mbele ya nyumba asiyoijua.

Hapo ndipo sifa ya kichwa cha mada ionekanapo. Kichwa hakitegemei jina ambalo mwandishi alilipenda. Hutolewa kwa kuangalia kazi yasema nini, nacho hukusanya chini ya neno moja kazi zenye majina mbalimbali. Ndivyo ifanyavyo orodha ya Maktaba ya Bunge la Marekani, na ndivyo ifanyavyo orodha ya tiba iliyoanzishwa mwaka 1960 na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya nchi hiyo. Orodha kama hizo humwelekeza msomaji kutoka neno lisilotumika hadi lile linalotumika, na kutoka jambo pana hadi jambo jembamba. Njia bora ni kuanza na kazi moja iliyo njema, kuvisoma vichwa ilivyopewa, kisha kuvifuata vichwa hivyo hadi kwenye kazi nyingine.

Kasoro zake ni tatu. Ya kwanza ni ya mahali. Mara nyingi mpangaji hukomea kwenye nchi au wilaya, na kata kama Kiongoroni hupotea ndani yake. Kwa hiyo mtafutaji hana budi kuunganisha majina ya zama zote: Afrika Mashariki ya Wajerumani, Tanganyika, Tanzania, Rufiji, Kibiti.

Ya pili ni ya lugha. Katika Kiswahili cha pwani, mkoko hasa ni mti mmoja, nao una jamaa zake: mkandaa, msinzi, mchu, mkomafi, mlilana, msikundazi. Kiingereza huwafunika wote kwa neno «mangrove», na kichwa hufuata Kiingereza. Atakaye habari za mkandaa peke yake itambidi autafute kwa jina lake la Kilatini, Ceriops tagal. Maarifa ya mkata boriti, ambaye hakosei mti mmoja kwa mwingine, hayana mlango wake.

Ya tatu ndiyo kubwa, nayo ni ya hukumu. Delta ile ile yaweza kuwekwa chini ya hifadhi ya misitu, au chini ya kilimo, au chini ya haki za ardhi. Atakayefuata kichwa cha kwanza tu atakutana zaidi na hoja za mhifadhi, na mkulima wa mpunga atamwona kuwa mharibifu kabla hajamsikia. Kuchagua kichwa, basi, ni kuchagua shahidi. Na mapitio yaliyosikiliza shahidi mmoja hayafai kutolewa mbele ya wale watakaoamua nani alime na nani ahame.

Shauri langu si kuviacha vichwa. Mtafutaji avitumie pamoja na maneno huru, atafute chini ya vichwa vinavyopingana, na aandike waziwazi ni vipi alivyovitumia, ili mwingine apate kumpima. Kwa upande wetu sisi wa Kiswahili, kazi yatungoja. Kamati ya Lugha ilianzishwa mwaka 1930 ili kusanifisha maneno, na Chuo cha Uchunguzi kikairithi kazi hiyo mwaka 1964. Orodha ya vichwa vya mada kwa Kiswahili, ambayo ndani yake mkandaa ni mkandaa na Kiongoroni ni Kiongoroni, ingekuwa mwendelezo halisi wa kazi hiyo. Hadi itakapopatikana, mtu asiseme pana pengo kabla hajauliza kwa majina yote.