Namna ya Kupima Kanuni za Kuchanganya Fani

Inasikitisha kuona kanuni za kuchanganya fani, yaani zile zinazomruhusu mhusika mmoja wa mchezo wa uigizaji wa mezani kuwa mpiganaji na papo hapo mchawi, zikisifiwa kwa wingi tu wa michanganyiko inayowezekana. Wingi si ubora. Ubora hupimwa kwa gharama anayotozwa mchezaji, na gharama hiyo imo katika jedwali la alama za uzoefu, ambazo mhusika huzichuma ili apande ngazi. Nalo ndilo jedwali ambalo mwanagenzi hulipita bila kulitupia jicho.

Katika toleo la pili la Advanced Dungeons & Dragons, la mwaka 1989, lililofuata msingi uliowekwa na Gary Gygax mwaka 1978, mchawi huhitaji alama 10,000 kufika ngazi ya 4, 20,000 kufika ya 5 na 40,000 kufika ya 6. Mwenye fani mbili hugawa alama zake nusu kwa nusu, hivyo akichuma 40,000 huwa mpiganaji wa ngazi ya 5 na mchawi wa ngazi ya 5, ilhali mwenzake aliyeshikilia uchawi peke yake amefika ngazi ya 6. Amelipa ngazi moja tu, na bei hiyo haikuandikwa katika aya yoyote, kwa kuwa jedwali linaloongezeka maradufu huitoza lenyewe. Huo ndio ufundi.

Toleo la tatu la mwaka 2000, kazi ya Jonathan Tweet, Monte Cook na Skip Williams, lilimruhusu mchezaji kuchagua fani upya kila apandapo ngazi, na urahisi huo ukawavutia wengi. Hata hivyo, aliyegawa ngazi 10 sawasawa hubaki na uchawi wa daraja la 3, huku mchawi kamili akiwa na wa daraja la 5. Wajanja nao walichukua ngazi moja tu ya mlinzi wa nyika, kwa sababu fani hiyo ilitoa stadi ya kupigana kwa silaha mbili tangu mwanzo, kisha wakaihama. Marekebisho ya mwaka 2003 yaliisogeza stadi hiyo hadi ngazi ya 2. Kanuni inayomwadhibu mwaminifu na kumtajirisha mpitanjia ni mbovu, hata ikisifiwa vipi.

Toleo la tano la mwaka 2014 lilirudisha nidhamu kiasi, kwa kudai sifa kuu za mhusika zifike 13 na kumnyima mgeni wa fani baadhi ya stadi za mwanzo, ingawa halikuufikia utulivu wa vitabu vya zamani. Anayetaka kupima kanuni mpya na aanze na jedwali, afanye hesabu ya ngazi ya 5 na ya 10, kisha ndipo asome sifa zake.