Michopo ya Kama: ulaini haukutoka kwenye moto mkali

Wengi wanaosifu michopo, nyama ya mbuzi ya kuchoma, husifu moto. Nilipokula kwa mara ya kwanza katika kibanda kimoja pale Kama, teritwari ya Pangi mkoani Maniema, niliona kwamba moto mkali uliipa nyama ladha tu. Ulaini ulitengenezwa baadaye, pale ambapo walaji wengi hawatazami.

Tuanze na mbuzi mwenyewe. Amechinjwa asubuhi, analiwa jioni, na friji hakuna. Misuli hukakamaa saa chache baada ya kuchinjwa, kisha hulegea taratibu kwa siku kadhaa za ubaridi, siku ambazo mchomaji wa Kama hana. Isitoshe, mbuzi anayejitafutia malisho ana misuli iliyofanya kazi, iliyojaa kolajeni, ule utando mgumu unaoshikanisha nyuzi za nyama. Kolajeni hulainika vizuri kuanzia kama nyuzi 70 za Selsiasi, lakini yataka muda na unyevu. Mwenye pupa atatafuna kamba.

Makala yalikuwa bado yana ndimi za moto. Nikamuuliza kijana aliyekuwa akichoma kama hatuwezi kuanza.

"Bado, papa. Nikiweka sasa, nyama itakunywa moshi."

Alikuwa sahihi kabisa. Akangoja makala yavae majivu meupe, joto litulie. Wavu wake ulikuwa na pande mbili: mmoja wenye makala mengi, mwingine machache. Vipande vikubwa vyenye mifupa vilianzia upande mkali mpaka vikapata rangi ya kahawia. Rangi hiyo, na harufu inayoita watu kutoka barabarani, huja upesi uso wa nyama unapopita kama nyuzi 140. Uso uliolowa maji haufiki huko, kwa kuwa maji huchemkia 100. Ndiyo maana chumvi aliiweka mwisho: ikipakwa dakika chache kabla ya moto huvuta maji juu.

Kisha akavihamishia upande dhaifu, akavisahau kwa makusudi. Hapa ndipo kazi kubwa ilipofanyika, na hapa ndipo wateja wenye njaa hugombana na wachomaji. Wasigombane.

Baada ya hapo alikatakata juu ya gogo, vipande vidogo, kisu kikipita kukingama nyuzi, ili jino lisipewe kazi ndefu. Akachanganya na kitunguu kibichi, chumvi na pilipili, akafunga yote katika karatasi ya kahawia na kuiacha pembeni mwa wavu. Mvuke wa nyama na wa kitunguu ulizunguka humo ndani, mchuzi ukairudia nyama badala ya kudondokea makala. Ililetwa ikiwa bado imefungwa, pamoja na kwanga, ule mkate wa muhogo uliochachushwa. Uchachu wa kwanga hukata mafuta ya mbuzi, ambayo huganda haraka yakipoa. Kwa hiyo kula kwanza, maongezi baadaye.

Neno langu moja kwa wachomaji ni juu ya karatasi. Mahali pengine hutumika hata ile ya mifuko ya saruji, na hiyo haifai kugusa chakula. Akina mama wa Maniema wanafunga kwanga kwa majani ya msituni, na samaki wa liboke huiva juu ya makala akiwa ndani ya majani hayohayo. Yanavumilia joto, yanashika mvuke, na yanapatikana sokoni. Michopo nayo ifungwe humo.