Sentimita mbili mbele ya goti

Mtu anayeumwa goti akishuka ngazi mara nyingi huweka kiganja juu ya pia ya goti, kile kifupa ambacho wengine hukiita kilegesambwa. Anagusa penyewe. Kifupa hicho kinafanya kazi ya kapi: musuli mkubwa wa paja unavuta kutoka juu, kano iliyojishika kwenye muundi inavuta kutoka chini, na pia iliyo katikati inakandamizwa kwenye fupaja. Ukitembea mahali tambarare, mkandamizo huo ni kama nusu ya uzito wako. Ngazi huufikisha mara tatu na zaidi. Kuchuchumaa hadi chini, mara saba na ushei: mwenye kilo 60 anakuwa na zaidi ya kilo 400 nyuma ya kifupa kile.

Zamani, pia iliyolika gegedu mara nyingi iling'olewa. Wapo waliopata nafuu ya maumivu, lakini goti lilibaki bila kapi lake. Herbert Kaufer alipima mwaka 1971 akakuta kwamba goti likinyooka kabisa, pia huchangia karibu asilimia 30 ya uwezo wa kulinyoosha.

Paul Maquet, daktari mpasuaji wa mifupa wa Ubelgiji, alikuwa ameshapendekeza njia nyingine mwaka 1963: pia ibaki, kisogezwe kinundu cha muundi ambapo kano inajishika. Aliukata kwa urefu ukingo wa mbele wa muundi, akaacha ncha ya chini imeshikamana kama bawaba, akaunyanyua, kisha akatia chini yake kabari ya mfupa uliotolewa kwenye nyonga. Kinundu kikaja mbele kwa kiasi cha sentimita 2.

Uzuri wa wazo hili ni kwamba mnyanyuko mmoja unaleta faida mbili. Kano inakuwa mbali zaidi na egemeo la goti, kwa hiyo musuli hauhitaji kuvuta kwa nguvu ile ya awali. Ni tofauti ya kusukuma mlango karibu na bawaba na kuusukuma penye kitasa. Halafu pembe kati ya mvuto wa juu na wa chini inafunguka. Kamba iliyokunjwa sana hulibana kapi. Ikikaribia kunyooka, hulilegezea. Kwa hesabu ya Maquet, mkandamizo ungepungua kwa karibu nusu.

Kwa upande wa kani, nakubaliana naye. Ngozi haikuwamo katika hesabu. Mbele ya muundi hakuna nyama, na sentimita 2 ziliivuta ngozi hadi damu ikashindwa kupita. Baadhi ya wagonjwa walioza ngozi, wengine walivunjika muundi wenyewe. Inauma zaidi ukijua kwamba majaribio ya mwaka 1979 yalionyesha sehemu kubwa ya nafuu hupatikana katika sentimita 1.25 za mwanzo.

Mwaka 1983 John Fulkerson wa Marekani alieleza mkato wa mshazari: kinundu kinateleza mbele na ndani kwa pamoja, bila kabari. Unamfaa hasa mtu ambaye pia yake inavutwa upande wa nje. Lakini kinundu kikisogezwa hivyo, mzigo hauondoki wote, mwingine unahamia sehemu ya juu na ya ndani ya pia. Ndiyo maana mpasuaji makini hukagua kwanza gegedu limelika wapi: likiwa limelika chini na upande wa nje, anaendelea, likiwa limelika juu au ndani, mkato huo huo utaupeleka mzigo kwenye kidonda.