Chati Ilishasema, Wizara Ikanyamaza

Uamuzi wa Burundi kutotangaza mlipuko wa malaria mwaka 2019 ulikuwa kosa la hesabu kabla haujawa kosa la siasa. Wauguzi, kuanzia Rumonge hadi Muyinga, walipima, wakatibu, wakatuma takwimu zao kila wiki. Kwao sina neno.

Takwimu zilifika. Hadi Julai mwaka ule, shirika la OCHA la Umoja wa Mataifa lilihesabu matukio zaidi ya milioni 5.7 ya malaria, katika nchi ya watu wapatao milioni 11, na vifo vilivyopita 1,800. Likaandika waziwazi kuwa ugonjwa umefikia kiwango cha mlipuko. Serikali ikakaa kimya. Ofisa mmoja asiyetajwa jina aliliambia shirika la AFP kuwa uchaguzi wa rais umekaribia. Yaani kalenda ya kura ilipewa uzito kuliko kizingiti kilichochorwa kwa takwimu! Machi 2017, waziri wa afya Josiane Nijimbere alisimama akatangaza mlipuko, wakati matukio tangu Januari yalikuwa milioni 1.8. Kama huyo angekuwa na wa kumfuata, nisingekuwa na la kuandika.

Wakosoaji wangu watasema ni msimu wa mvua. Hapana. Kizingiti, yaani mstari wa tahadhari kwenye chati ya wagonjwa, huchorwa wiki kwa wiki: wiki ya 20 hulinganishwa na wiki za 20 za miaka iliyopita, kwa hiyo mvua imeshahesabiwa ndani yake. Watasema pia kuwa kuvuka mstari mara moja si kitu. Hapo wana haki, na ndiyo sababu chati isomwe na mtu anayejua. Mstari huo, yaani wastani wa wiki hizo pamoja na mikengeuko sanifu miwili, huvukwa kwa bahati tu karibu mara moja katika kila vipimo 44. Burundi ilikuwa na wilaya za afya 46. Wilaya moja kupanda wiki hii ni kelele za kawaida. Wilaya nyingi kupanda pamoja, wiki baada ya wiki, hakuwezi kuitwa bahati: pointi nane mfululizo juu ya mstari wa kati, ugonjwa ukiwa haujabadilika, hutokea mara 1 katika 256.

Walter Shewhart, mwanatakwimu wa kiwandani, aliyajua haya Mei 1924, alipompelekea mkubwa wake kule Western Electric barua ya ukurasa mmoja hivi yenye chati ndani yake. Alitumia mikengeuko mitatu, kwa kuwa kiwanda kikisimamishwa bure ni hasara. Kwa malaria tunatumia miwili, maana kuchelewa hugharimu zaidi kuliko kushtuka bure.

Ugomvi wangu wa zamani ni ule wa wastani wa taifa. Rumonge iko ufukweni, kwenye mita mia saba na themanini hivi, michikichi na maji pande zote, na mbu hawana likizo. Kayanza iko mlimani, ambako ongezeko dogo huwaangusha watu wasio na kinga. Ukichanganya hizo mbili katika mstari mmoja, hujasoma yoyote. Na wanaolinganisha mwaka huu na mwaka jana peke yake, waache kuiita hiyo takwimu.

Lakini kinachoniudhi zaidi ni kilichofuata. J. R. Cullen na wenzake, walipoiandika njia hii ya kizingiti mwaka 1984 kwa kaskazini mwa Thailand, walitaka miaka ya mlipuko iondolewe kwenye msingi wa hesabu. Sasa mwaka ambao haukutangazwa utaondolewa kwa hoja gani? Chukua kituo chenye wagonjwa 100, 110, 90, 105 na 95 katika wiki ileile ya miaka mitano. Wastani ni 100, kizingiti kinaangukia 116. Badilisha 95 ya mwisho uweke 250 ya mwaka wa mlipuko usiotangazwa: wastani unapanda hadi 131, mkengeuko hadi 67, na kizingiti kinaruka hadi 265. Mlipuko mwingine wa wagonjwa 250 ukija, chati itauonesha chini ya mstari, na hakuna muuguzi wa Rumonge atakayeulizwa kwa nini hakupiga simu.