Taa Waliyoiacha Ikiwaka

Mwaka 1946 pale Berkeley, mwanasaikolojia Edward Tolman na wenzake Ritchie na Kalish walikuwa na kila kitu cha kumaliza ubishi kama panya hubeba ramani kichwani au mazoea tu: meza ya duara, njia 18 zilizotawanyika kutoka mezani, panya 56, na swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa katika utafiti wa tabia za wanyama enzi hizo. Wakaacha taa ikiwaka. Balbu moja, yenye herufi H kwenye mchoro wao, ilimulika kipande cha mwisho cha njia kutokea upande wa chakula siku zote za mazoezi, na siku ya mtihani ilikuwa palepale. Jaribio liliharibika hapo, kabla panya wa kwanza hajatolewa kizimbani.

Mazoezini panya walivuka meza na kufuata ujia mmoja wenye kona hadi kisanduku cha chakula; siku ya mtihani ujia huo ulizibwa na zile njia 18 zikawekwa. Panya anatoka pa kuanzia, anavuka meza, anaingia kwenye ujia aliouzoea, anakuta umezibwa. Anarudi mezani. Anajaribu njia moja, anakwenda inchi chache, anageuka. Anajaribu ya pili, anageuka tena. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda katika taarifa yao, maana unamwona mnyama akipima kabla ya kuamua. Mwishowe anashika njia moja na kwenda nayo hadi mwisho. Asilimia 36 walishika njia ya 6, ambayo inaishia inchi 4 tu mbele ya pale mlango wa kisanduku cha chakula ulipokuwa. Kwa kubahatisha tungetegemea asilimia 5 na ushee. Tolman akahitimisha kwamba panya wana ramani pana kichwani, si mkanda wa kona za kulia na kushoto tu.

Sasa simama pale mezani badala ya panya. Njia ya zamani imefungwa. Njia zote mbele yako zimebadilika, kasoro kitu kimoja: mwanga, upande uleule ambako umekuwa ukishiba. Mwenye ramani atakwenda njia ya 6. Asiye na ramani yoyote, anayejua tu kwamba chakula kiko karibu na mwanga, naye atakwenda njia ya 6. Matokeo ni yaleyale, na hakuna hesabu itakayowatenganisha wawili hao baada ya tukio. Watetezi wa Tolman hunijibu kwamba macho ya panya ni dhaifu. Hoja hiyo inawaumiza wenyewe: kwa mnyama anayeona ukungu, taa ndicho kitu pekee chumbani kinachoonekana vizuri.

Dawa yake ilikuwa kazi ya dakika chache. Chukua panya 28, waachie taa ilipo. Hao 28 wengine, ihamishie ukuta wa pili. Wakiifuata taa, dhana ya ramani haina ushahidi hapa. Wakiipuuza na kung'ang'ania njia ya 6, Clark Hull kule Yale, aliyeshikilia kwamba mazoea na malipo vinatosha kueleza kila kitu, angekosa pa kushika. Nusu ya panya na mita chache za waya ndivyo vilivyotutenga na jibu.

Wazo la kuhamisha mwanga lilikuwapo tayari: mfikirie Felix Santschi. Huyu alikuwa daktari Mswisi akitibu watu mjini Kairouan, Tunisia. Mwaka 1911, miaka 35 kabla ya Berkeley, alitaka kujua sisimizi wanarudije kwenye kichuguu chao. Aliwakinga jua kwa kiwambo, kisha akawamulika kwa kioo kutoka upande wa pili. Sisimizi waligeuza mwelekeo palepale. Akaondoa kioo, wakarudi kwenye mwelekeo wa awali. Alikuwa daktari wa kutibu watu tu, lakini alielewa kwamba mwanga ndio mshukiwa wa kwanza, akauhamisha kwa mkono wake mwenyewe. Niko Tinbergen naye alifanya hivyohivyo Uholanzi kwa koni za msonobari alizozungushia shimo la nyigu, kisha akazihamisha.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Tolman mwenyewe aliujua ufundi wa kuziba maelezo mengine. Mwaka 1930, akiwa na mwenzake Honzik, alitembeza makundi matatu ya panya kwenye njia zenye mizunguko: moja lilipata chakula tangu mwanzo, moja halikupata kabisa, moja lilianza kulishwa siku ya 11. Siku ya 12 makosa ya kundi la tatu yakaporomoka: walikuwa wamejifunza njia kabla ya kulipwa. Hapo kila tundu la kutorokea lilikuwa limezibwa. Mtu aliyeweza kulipanga lile la 1930 hakuwa na sababu ya kuacha H ikiwaka.

Halafu waandishi wa vitabu vya kiada wakaongezea lao. Nimeona michoro mingi ya jaribio hili ambamo taa imefutwa, na chini yake imeandikwa kwamba panya "wengi" walichagua njia ya mkato. Asilimia 64 hawakuichagua. Wengine walikwenda njia ya 1, inayoelekea moja kwa moja upande wa chumba uliokuwa na chakula, na hao hawatajwi kabisa darasani.

Baadaye dhana ya ramani ilipata ushahidi mwingine. Seli za mahali, zile za ubongo zinazowaka mnyama akiwa mahali fulani, alizozipata O'Keefe mwaka 1971 ni ushahidi imara, na Nobeli ya 2014 ilistahili. Richard Morris mwaka 1981 alificha jukwaa chini ya maji yaliyotiwa maziwa na kuwaanzisha panya kutoka pande mpya, kazi safi. Lakini Grieves na Dudchenko waliporudi kwenye swali la njia ya mkato mwaka 2013, panya wao walishindwa kushika njia ambayo hawajawahi kuipita, wakaweza ile waliyowahi kuipita. Swali la 1946 bado liko wazi, na hatujui panya wale 20 hivi wa njia ya 6 walikuwa wakifuata nini.